Edwin Armstrong: Fundi wa redio aliyetuletea FM, akafa kesi ikiwa bado mahakamani

Panda daladala Dar es Salaam au matatu Nairobi asubuhi, na mara nyingi utakuta redio inaongea. Namba za stesheni ziko kati ya 88 na 108, na sauti ni safi hata kama nje kuna radi.

Mtu aliyefanya sauti hiyo iwe safi aliitwa Edwin Howard Armstrong. Wengi wanaosikiliza FM hawajawahi kulisikia jina lake.

Kijana wa mlingoti

Armstrong alizaliwa New York, Marekani, Desemba 18, 1890. Akiwa mdogo aliugua sana, akasomea nyumbani kwa muda, na ugonjwa ukamwachia tatizo la kushtuka-shtuka mabega na uso ambalo halikumtoka maisha yake yote. Labda ndiyo maana alipenda kukaa peke yake na vyombo vyake.

Alisoma habari za Marconi, Mwitaliano aliyetuma ishara bila waya, na kuanzia hapo akawa hashikiki. Familia ilikuwa imehamia Yonkers, karibu na mto Hudson. Chumba chake kikajaa waya na koili, na uani akasimamisha mlingoti wa antena wenye urefu wa karibu mita 38. Aliujenga mwenyewe, akiupanda kwa kamba bila woga wowote huku majirani wakimwangalia.

Enzi hizo vijana wengi wa Marekani walikuwa na ugonjwa huohuo wa redio. Usiku wanavaa vipokea sauti masikioni, wanasikiliza milio hafifu ya meli na ya wenzao. Shida ilikuwa moja: milio ilikuwa midogo mno.

Akiwa mwanafunzi wa uhandisi Chuo Kikuu cha Columbia, mwaka 1912, Armstrong alipata dawa. Alichukua vali iliyobuniwa na Lee de Forest, akairudisha ishara iliyotoka kwenye vali iingie tena, ikuzwe tena na tena. Milio iliyokuwa ya kukisia ikasikika chumba kizima.

Baba yake alikataa kumpa pesa za kusajili uvumbuzi hadi amalize chuo. Basi mwanzoni mwa 1913 kijana akachora mchoro na kuupeleka ukagongwe muhuri wa kisheria, ili tarehe isije ikabishaniwa. Hataza yenyewe, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, aliipata 1914.

Mwisho wa Januari 1914 alionyesha mtambo wake huko Belmar, New Jersey. Kati ya waliokaa naye usiku wa baridi kusikiliza stesheni za mbali alikuwamo David Sarnoff, kijana wa kampuni ya Marconi. Wakawa marafiki.

Kapteni akiwa Paris

Mwaka 1917 Marekani iliingia Vita vya Kwanza vya Dunia. Armstrong akavaa sare, akapewa cheo cha kapteni katika kikosi cha mawasiliano cha jeshi, akapelekwa Ufaransa.

Kazi yake Paris ilikuwa maabara. Jeshi lilihofia kwamba Wajerumani wanawasiliana kwa masafa ya juu sana ambayo redio za wakati ule hazikuweza kuyanasa, maana vali zilishindwa kukuza ishara za namna hiyo.

Armstrong alizunguka upande mwingine. Badala ya kulazimisha vali ikuze masafa ya juu, aliyachanganya na mawimbi mengine yaliyotengenezwa ndani ya redio yenyewe. Mchanganyiko ukatoa masafa ya chini zaidi, na hayo vali iliyaweza vizuri. Mtindo huo ukaitwa superheterodaini.

Hakuwa peke yake. Mfaransa Lucien Lévy na Mjerumani Walter Schottky nao walikuwa wanazungukia wazo hilohilo. Lakini Armstrong alilifikisha kwenye mtambo unaofanya kazi. Vita viliisha Novemba 1918 kabla haujatumika vitani, ila haukutupwa. Redio ya mbao ya babu, redio ndogo ya betri ya mkulima, hata televisheni, zote zilikuja kutumia njia hiyo.

Alirudi nyumbani 1919 akiwa na cheo cha meja na nishani ya Ufaransa.

Pesa, ndoa na kesi

Miaka ya 1920 ilimpa utajiri. Aliuza uvumbuzi wake kwa kampuni ya RCA, ambako Sarnoff alikuwa anapanda ngazi, akawa mmoja wa wenye hisa nyingi zaidi. Mwaka 1923 alimuoa Marion MacInnis, katibu wa Sarnoff. Zawadi ya ndoa? Redio ya kubeba mkononi aliyoitengeneza mwenyewe, ambayo walienda nayo fungate.

Lakini de Forest alidai kwamba wazo la 1912 lilikuwa lake. Kesi ilikokotwa miaka mingi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1934 ikaishia kwa de Forest kushinda. Wahandisi wengi waliona majaji hawakuelewa jambo lenyewe.

Armstrong alikwenda kwenye mkutano wa wahandisi wa redio kurudisha nishani waliyompa zamani kwa uvumbuzi huo. Wenzake wakakataa kuipokea, wakasimama na kumpigia makofi.

FM yazaliwa

Muda wote huo alikuwa anapambana na adui mwingine: mikwaruzo. Redio za AM hubeba sauti kwa kupandisha na kushusha nguvu ya mawimbi. Radi nayo huvuruga nguvu hiyohiyo, ndiyo maana AM hukwaruza. Armstrong akaiacha nguvu ibaki palepale, akabadilisha masafa. Wataalamu walishasema njia hiyo haina faida. Yeye akatumia nafasi pana zaidi ya masafa, na kelele zikapungua mno. Hataza za FM alizipata Desemba 1933.

Novemba 1935 aliwaonyesha wahandisi New York. Matangazo yalirushwa kutoka Yonkers, nyumbani kwa rafiki yake wa tangu ujana, naye mpenzi wa redio. Ukumbini watu walisikia maji yakimiminwa kwenye glasi na karatasi ikikunjwa, kama vile mambo yanafanyika mbele yao.

RCA ilikuwa imewekeza kwenye AM na macho yake yalikuwa kwenye televisheni. Haikuipa FM kipaumbele. Armstrong akajenga mnara wake Alpine, New Jersey, kwa pesa zake. Vita vya Pili vilipokuja, aliliruhusu jeshi la nchi yake litumie hataza zake bila malipo.

Mwaka 1945 pigo likaja: serikali ya Marekani iliihamisha FM kutoka kwenye masafa yake ya awali hadi 88–108. Redio za FM ambazo watu walishanunua zikawa mapambo. Wakati huohuo RCA ilitumia FM kwenye sauti ya televisheni bila kumlipa kwa masharti aliyoyataka. Aliwahi kupewa ofa ya dola milioni 1, akaikataa. Mwaka 1948 akafungua kesi.

Kesi ilimla. Mawakili wa upande wa pili walimhoji mwezi baada ya mwezi, pesa zikaisha, hataza zikaanza kufikia ukomo. Mwishoni mwa 1953 aligombana na Marion, akampiga mkononi, na mke akaenda kukaa kwa dada yake.

Usiku wa kuamkia Februari 1, 1954, karibu miaka 40 kamili tangu ule usiku wa Belmar, Armstrong alijitoa uhai New York. Alimwachia mkewe barua ya kuomba msamaha. Alikuwa na miaka 63.

Mjane aimaliza vita

Marion hakukata tamaa. Kabla ya 1954 kwisha, RCA ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1. Akaendelea na kampuni nyingine moja baada ya nyingine, na mwaka 1967 ya mwisho, Motorola, nayo ikashindwa.

Mnara wa Alpine bado umesimama. Mwaka 2001, baada ya majengo ya World Trade Center kuanguka na mitambo iliyokuwa juu yake, baadhi ya stesheni za televisheni za New York zilihamia kwenye mnara huo ili zirudi hewani.