Sayyidna Umar bin Khattab na Maliwali Wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad: haya ni machache katika khabari za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), Khalifa wa pili, khasa namna alivyowapa watu kazi na namna alivyowahisabu.

Alizaliwa Makka katika ukoo wa Bani Adi, kabila ya Kureshi. Mwanzo alikuwa mkali juu ya Waislamu. Kisha akasilimu kabla ya Hijra, nao wakapata nguvu kwa kusilimu kwake. Sayyidna Abu Bakr alipofariki mwaka 13 wa Hijra (634), yeye ndiye aliyeushika ukhalifa, akakaa nao miaka kumi na kitu. Katika muda huo dola ya Kiislamu ilienea Sham, Iraki, Misri na sehemu kubwa ya Uajemi. Nchi hizo zote haziendeshwi kwa mkono wa mtu mmoja, hata akiwa ni Umar.

Jambo hilo lilimdhihirikia mapema. Vita na Waajemi vilipokuwa vikali alitoka Madina kwa nia ya kuliongoza jeshi mwenyewe, akapiga kambi mahali paitwapo Sirar. Akataka shauri. Abdurrahman bin Auf akamshauri apeleke mtu, naye akae. Kwani jeshi likishindwa na Khalifa yumo ndani yake, Waislamu watavunjika. Umar akalikubali, akampeleka Saad bin Abi Waqqas. Saad ndiye aliyepata ushindi wa Qadisiyya, na ndiye aliyeujenga mji wa Kufa mwaka 17 (638).

Alipomtawalisha mtu hakumwacha hivi hivi. Alimwandikia waraka na kuushuhudisha mbele ya Masahaba, akamshartia asipande farasi wa fakhari, asile mkate wa unga uliochekechwa, asivae nguo laini, wala asifunge mlango wake mbele ya wenye haja. Mali yake yaliandikwa siku ya kuingia kazini; yakija kuonekana yamezidi, Umar akayagawa nusu, ikarejea Baitul Mali. Hakusalimika na hayo hata Amr bin Al-As aliyeifungua Misri. Na wakati wa Hija maliwali waliitwa, na raia aliyedhulumiwa akapewa nafasi ya kumshitaki liwali wake mbele ya watu.

Mtu wake wa kuchungua mambo alikuwa Muhammad bin Maslama. Saad alipojenga jumba Kufa lenye mlango uliomtenga na watu, bin Maslama alipelekwa akauchoma mlango ule.

Baadaye watu wa Kufa walimshitaki Saad, hata wakadai kuwa hajui kusalisha. Na Saad ni katika wa mwanzo kusilimu, na katika kumi waliobashiriwa Pepo. Umar hakuyatupa mashitaka kwa ukubwa wa mshitakiwa, wala hakuyasadiki kwa kelele za washitaki. Alimuuzulu, akamuuliza. Saad akaeleza kuwa husalisha kama alivyosalisha Mtume (S.A.W.): rakaa mbili za mwanzo huzirefusha, na mbili za mwisho huzifupisha. Umar akakiri kuwa hivyo ndivyo anavyomdhania. Juu ya hayo akatuma watu kuuliza katika misikiti ya Kufa yote. Kote alisifiwa kwa wema, ila katika msikiti wa Bani Abs alisimama mtu mmoja akamtia ila.

Wanavyuoni wameeleza kuwa kumuuzulu kwake kulikuwa ni kukata fitina. Kazi ya Kufa ikagawanywa: Ammar bin Yasir akapewa sala na jeshi, Abdullah bin Masud Baitul Mali na kusomesha watu, na Uthman bin Hunaif kupima ardhi. Kila mmoja alipewa analoliweza.

Mwaka 23 (644), katika sala ya Alfajiri, Abu Lulua Mmajusi alimchoma Umar kwa jambia. Hata kitandani hakuacha kazi bila ya mwenyewe. Alimuamuru Suhaib asalishe watu, na akawaachia watu sita shauri la kuchagua Khalifa: Uthman, Ali, Talha, Zubeir, Abdurrahman na Saad. Mwanawe Abdullah alihudhurishwa, lakini pasina fungu katika ukhalifa. Na kuhusu Saad alibainisha kuwa hakumuuzulu kwa udhaifu wala kwa khiyana, na kwamba atakayetawala amtake msaada. Kisha akafariki, akazikwa ubavuni mwa Mtume na Abu Bakr kwa idhini ya Bibi Aisha.

Basi kila aliyewekwa juu ya wenziwe, nahodha kwa mabaharia wake, tajiri kwa makarani wake, msimamizi wa wakfu kwa wanaomsaidia, na azingatie: kumpa mtu kazi si kuivua amana shingoni. Achague anayeweza, ambainishie mipaka, amwache atende, kisha amhisabu. Na akimwondosha asiye na hatia, asimwache na jina baya. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.