Kasisi aliyeacha hazina ya hesabu bila kuichapisha

KASISI Thomas Bayes alipofariki nchini Uingereza mnamo Aprili 1761, aliacha miongoni mwa karatasi zake insha moja ya hesabu ambayo hakuwahi kuichapisha. Insha hiyo ndiyo iliyolifanya jina lake lisisahaulike.

Bayes alizaliwa yapata mwaka wa 1701. Babake, Joshua Bayes, alikuwa kasisi wa Kipresbiteri, dhehebu lililojitenga na kanisa rasmi la nchi. Wakati huo vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge viliwabana waumini wa aina hiyo, na mnamo 1719 kijana huyo akajiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Baadaye alihudumu kanisani mjini Tunbridge Wells, na mnamo 1742 akawa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi jijini London.

Katika insha yake, Bayes aliwazia mpira uliotupwa juu ya meza, ukakomea mahali pasipojulikana. Mipira mingine inapotupwa, mtu huambiwa tu iwapo imeangukia upande huu au ule wa mpira wa kwanza. Kwa kila habari mpya, yeye hurekebisha makisio aliyokuwa nayo awali.

Rafiki yake, Richard Price, ambaye pia alikuwa kasisi, aliihariri insha hiyo na ikasomwa mbele ya Royal Society mnamo Desemba 1763. Mfaransa Pierre-Simon Laplace alilifikia wazo hilo peke yake mnamo 1774, kisha akalipanua.

Uzito wake huonekana hospitalini. Tuseme kati ya watu 1,000, ni 10 wanaougua maradhi fulani. Kipimo kinawanasa wagonjwa 9, lakini pia kinawahesabu watu 99 wazima kuwa wagonjwa. Atakayetegemea kipimo pekee atawatibu watu 108. Anayejua tangu awali kwamba maradhi hayo ni adimu atang'amua kuwa ni mmoja tu kati ya 12 anayeugua, na ataagiza uchunguzi zaidi.

Kompyuta nazo hufuata njia hiyo zinapotenga barua pepe taka: huanza na kiwango kinachotarajiwa cha barua hizo, kisha hupima maneno yaliyomo.

Bayes alizikwa katika makaburi ya Bunhill Fields, London. Price, aliyeiokoa kazi yake, alizikwa huko huko mnamo 1791.