Alexander Fersman

Alexander Yevgenyevich Fersman (8 Novemba 1883 – 20 Mei 1945) alikuwa mwanajiolojia na mtaalamu wa madini kutoka Urusi, baadaye Umoja wa Kisovyeti. Anajulikana hasa kwa kuongoza utafiti wa milima ya Khibiny katika Rasi ya Kola, ambako ilithibitishwa akiba kubwa ya apatiti, madini yenye fosforasi yanayotumika kutengeneza mbolea.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Sankt Peterburg. Alianza kukusanya mawe akiwa mtoto huko Krimea. Alihitimu Chuo Kikuu cha Moscow mwaka 1907 akiwa mwanafunzi wa Vladimir Vernadsky, kisha akaenda Heidelberg, Ujerumani, kuchunguza umbo la fuwele za almasi pamoja na Victor Goldschmidt. Mwaka 1919 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi, akiwa na umri wa miaka 35 tu.

Utafiti wa Khibiny

Milima ya Khibiny iko kaskazini mwa Duara ya Aktiki. Miamba yake ni ya alkali, yaani ilitokana na magma yenye natiri na kali nyingi kulinganisha na silika. Silika ikipungua namna hiyo hutokea madini yaitwayo nefelini. Magma ya aina hii hubeba pia elementi ambazo ni haba katika miamba ya kawaida, kama vile niobi, zirkoni na metali adimu. (Lava za volkeno ya Oldoinyo Lengai nchini Tanzania ni za ukoo huohuo.)

Fersman hakuwa wa kwanza kufika. Mfini Wilhelm Ramsay alikuwa ameichunguza milima hiyo tangu mwisho wa karne ya 19, jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Lakini reli ya kwenda Murmansk ilikamilika mwaka 1916 tu, na kabla yake hata mtapo mzuri usingeweza kusafirishwa.

Kuanzia mwaka 1920 Fersman alipeleka huko vikundi vidogo vya wanafunzi na watafiti vijana, wengi wao wanawake. Chakula kilikuwa kidogo, na mawe yalibebwa mgongoni. Mapema walikuta vipande vya apatiti vilivyoporomoka kutoka juu. Jiwe la kuokota halithibitishi mgodi: ilibidi kupanda hadi kwenye mwamba wenyewe, kuupima unene wake, na kupeleka sampuli maabara. Mwaka 1926 mwenzake Alexander Labuntsov alikuta mtapo mwingi katika mlima wa Kukisvumchorr. Baadaye uchorongaji ulionyesha jinsi ulivyoshuka chini.

Lilibaki swali la faida. Apatiti ilikuwa imechanganyika na nefelini, na nchi ilizoea kununua fosfati kutoka Moroko. Wengi walishuku. Fersman alisisitiza kwamba mtapo usagwe na apatiti itenganishwe kwa kuelea kwenye povu, na kwamba nefelini isitupwe kwa kuwa ina alumini. Kampuni ya Apatit ilianzishwa mwaka 1929.

Mji wa Khibinogorsk, ulioitwa Kirovsk tangu 1934, ulijengwa kando ya migodi. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na familia za wakulima walionyang'anywa mashamba na kuhamishiwa huko kwa nguvu kuanzia mwaka 1930. Majira ya baridi ya kwanza waliishi katika mahema na mabanda, na watoto wengi walikufa. Masimulizi ya zamani juu ya ushindi wa Khibiny huwataja kwa nadra.

Vitabu na miaka ya mwisho

Fersman aliandika kitabu kikubwa cha jiokemia katika juzuu nne (1933–1939), pamoja na vitabu vya kuwafundisha vijana elimu ya madini kwa lugha nyepesi. Mwaka 1943 Shirika la Jiolojia la London lilimtunuku Nishani ya Wollaston. Madini ya fersmaniti, yaliyogunduliwa Khibiny, yamepewa jina lake.

Alifariki mjini Sochi siku chache baada ya vita kwisha Ulaya, akazikwa Moscow katika makaburi ya Novodevichy. Migodi ya Kirovsk inaendelea kuchimbwa.