Rudolf Diesel, mhandisi aliyetoweka baharini kabla ya injini yake kufika kwenye gari dogo

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913, meli ya abiria iitwayo Dresden iling'oa nanga katika bandari ya Antwerp kuelekea Harwich, Uingereza. Miongoni mwa abiria alikuwamo mhandisi wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 55, akisafiri na Georges Carels wa Ghent, mmoja wa wenye kiwanda kilichokuwa kikiunda injini zake hapa Ubelgiji. Baada ya chakula cha usiku waliagana, naye akaomba aamshwe saa kumi na mbili na robo. Kulipokucha, kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa. Kofia na koti vilikuwa kando ya ukingo wa meli. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliuona mwili ukielea, wakachukua vitu vilivyokuwa mifukoni na kuuacha majini. Mwanawe ndiye aliyevitambua vitu hivyo.

Huyo ndiye Rudolf Diesel. Jina lake hutamkwa kila siku katika vituo vya mafuta, Antwerp na Bukavu vilevile, na wengi wanaolitamka hawana habari kwamba lilikuwa jina la mtu.

Alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858, mtoto wa fundi wa ngozi aliyetoka Augsburg. Vita vya mwaka 1870 baina ya Ufaransa na Prussia vilipozuka, Wajerumani walitakiwa kuondoka, na familia ikakimbilia London kwa dhiki kubwa. Kijana akiwa na miaka 12 alipelekwa Augsburg kwa jamaa zake, ambako baba mlezi wake alikuwa mwalimu wa hesabu. Huko akapata elimu na akaamua kuwa mhandisi. Mwaka 1880 alihitimu katika chuo cha ufundi cha Munich kwa alama za juu kabisa.

Wazo lililomtawala maisha yake yote alilipata darasani, kwa mwalimu wake Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kugandisha barafu. Linde aliwaonyesha wanafunzi kwamba injini ya mvuke hugeuza kuwa kazi takriban sehemu moja tu katika kumi ya joto la makaa ya mawe; sehemu tisa hupotea bure. Diesel hakuweza kuvumilia hasara hiyo. Tena palikuwa na jambo jingine: mashine kubwa za mvuke zilikuwa mali ya matajiri, ilhali mafundi wadogo wa aina ya baba yake walikuwa wakifilisika. Alitaka injini ndogo, isiyotumia mafuta mengi, ambayo seremala au mfumaji angeweza kuimudu.

Kanuni yake ni nyepesi kuieleza. Hewa ikikandamizwa kwa nguvu ndani ya silinda hupata joto kali. Mafuta yakiingizwa katika hewa hiyo huwaka yenyewe, pasipo cheche ya plagi. Injini ya petroli haiwezi kukandamiza kiasi hicho, kwa kuwa hukandamiza hewa iliyokwisha kuchanganyika na petroli, na mchanganyiko huo ungewaka kabla ya wakati wake. Kadiri mkandamizo unavyozidi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto inavyogeuka kuwa kazi. Humo ndimo uliposimama uchache wa matumizi ya dizeli.

Kuitenda kanuni hiyo kulikuwa kazi nyingine kabisa. Diesel alipata hataza mwaka 1893, na kiwanda cha mashine cha Augsburg pamoja na kampuni ya Krupp vikakubali kugharimia majaribio. Katika jaribio la kwanza, Agosti mwaka huohuo, kifaa cha kupimia kilipasuka na vipande vyake nusura viwaue waliokuwapo. Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Ilihitajika miaka mitatu zaidi hadi Februari 1897, ambapo profesa Moritz Schröter aliipima rasmi na kukuta kwamba inageuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna injini ya wakati ule iliyoikaribia.

Fedha zikamiminika. Adolphus Busch, mtengenezaji bia wa Marekani, alinunua haki za nchi yake kwa maki milioni moja. Diesel akajenga jumba la fahari mjini Munich. Hata hivyo afya yake ilivunjika kwa kazi na kwa mabishano juu ya hataza, na mali yake aliiweka katika biashara zilizomtupa. Ilipobainika baada ya kifo chake kwamba alikuwa amezama katika madeni, wengi waliona wamepata maelezo ya usiku ule. Wako waliodai aliuawa na wapelelezi au na wafanyabiashara wa mafuta. Ushahidi wa madai hayo haujapata kuonekana, na kwa maoni yangu vitabu vya madeni vinasema mengi zaidi.

Gari dogo lenye injini yake hakuliona. Injini za zama zake zilipuliza mafuta ndani ya silinda kwa hewa iliyoshindiliwa, na mtambo wa kuishindilia ulikuwa mzito mno. Ulifaa meli na viwanda. Alijaribu injini ndogo ya lori mwaka 1908, haikufanikiwa. Kizuizi kiliondolewa na wengine: Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz, aliyebuni chumba kidogo cha kuanzia mwako, na Robert Bosch, ambaye mwaka 1927 alianza kutengeneza kwa wingi pampu ya kusukuma mafuta.

Mwaka 1936, miaka 23 baada ya safari ile ya Antwerp, Mercedes-Benz ilionyesha gari la 260 D. Lilitumia lita tisa na nusu kwa kilomita 100, ilhali gari la petroli la ukubwa huo lilihitaji lita 13 hivi. Madereva wa teksi walilipenda mara moja. Kelele na moshi waliuvumilia. Watu wa kawaida walisubiri hadi baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, Volkswagen ilipotoa Golf ya dizeli mwaka 1976. Mwaka 1999 Lupo ya kampuni hiyohiyo ilifika lita tatu.

Kisha mwaka 2015 ilifichuka Marekani kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Dizeli hutumia mafuta machache, lakini oksidi za nitrojeni zitokazo humo huudhuru mwili, na ndiyo sababu Antwerp na Brussels sasa zinayazuia magari ya zamani ya dizeli kuingia mjini.