Louis Pasteur na Uhai Pasipo Hewa

Aghalabu Louis Pasteur hukumbukwa kwa chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka 1885. Hata hivyo, utafiti wake juu ya vijidudu ulianzia kwenye mapipa ya pombe. Alizaliwa mjini Dole, mashariki mwa Ufaransa, mwaka 1822, baba yake akiwa mtengenezaji wa ngozi. Mnamo 1854 akawa profesa wa kemia mjini Lille, na miaka miwili baadaye mwenye kiwanda mmoja akamlilia kwamba pombe yake ilikuwa ikiharibika mapipani. Kwa wanakemia wengi wa enzi hiyo, Justus von Liebig akiwa kinara wao, kuchachuka kulikuwa kuvunjika tu kwa mata. Pasteur alishikilia kuwa ni kazi ya viumbe hai.

Mwaka 1861 aliweka chini ya darubini tone la umajimaji uliokuwa ukichachuka na kunuka siagi iliyooza. Bakteria waliokuwa katikati walikwenda huku na huko; wale wa ukingoni, palipoguswa na hewa, walikuwa wametulia tuli. Hewa, iliyodhaniwa kuwa sharti la uhai wote, iliwadhuru!

Hamira nayo ilimfunza jambo jingine. Ilipopewa hewa tele iliongezeka upesi kwa sukari kidogo. Iliponyimwa, iliongezeka polepole huku ikimaliza sukari nyingi na kuigeuza pombe. Sababu yake ilikuja kueleweka katika karne ya 20. Panapo oksijeni, seli huivunja glukosi kabisa ikabaki maji na kaboni dayoksaidi, na kila molekuli huipatia takriban molekuli 30 za ATP. Pasipo oksijeni hamira hupata 2 tu, nishati nyingi ikisalia ndani ya pombe. Ndiyo maana haina budi kuifuja sukari.

Pasteur alifiwa na mabinti watatu kati ya 1859 na 1866, na mwaka 1868 akapooza upande wa kushoto, lakini hakuacha kazi wala ubishi. Rafiki yake Claude Bernard alipofariki mwaka 1878, yalichapishwa maandishi yake yaliyodai kuwa pombe yaweza kutokea bila seli hai. Pasteur aliyapinga vikali, pengine kwa ukali usiostahili marehemu asiyeweza kujibu. Alifariki Septemba 1895. Mwaka 1897 Eduard Buchner, nchini Ujerumani, alisaga hamira kwa mchanga, akaikamua, kisha akatia sukari katika maji yale yasiyo na seli hata moja. Yakachachuka.