Malthus: Mtoto wa mdomo sungura aliyekuwa profesa

Waliosoma Jiografia kidato cha tano na sita wanalikumbuka jina la Thomas Robert Malthus, yule Mwingereza aliyeandika kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula. Wengi tulikariri nadharia yake kwa ajili ya mtihani. Ambalo hatukufundishwa darasani ni kwamba Malthus alizaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa, hali ambayo mitaani huitwa mdomo sungura.

Namleta leo kwa sababu wazazi wanaopata mtoto mwenye hali hii huniuliza mambo yaleyale: kama mtoto ataongea, kama atasoma, na kama siku moja atapata mwenza. Maisha ya Malthus yanajibu yote matatu.

Alizaliwa Februari 1766 huko Surrey, kusini mwa Uingereza. Kaakaa ni paa la kinywa, linalotenganisha kinywa na pua. Likiwa wazi, mtoto hushindwa kuvuta ziwa vizuri na maziwa hutokea puani. Wakati huo madaktari walishajua kushona mdomo wa juu, lakini kaakaa hawakuliweza. Majaribio ya kwanza yaliyofanikiwa yalikuja mwaka 1816 mjini Berlin na 1819 mjini Paris, Malthus akiwa na miaka 50 na zaidi. Dawa ya usingizi ilianza kutumika hadharani mwaka 1846, yeye akiwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo aliishi na kaakaa wazi maisha yake yote.

Baba yake, Daniel, alikuwa mtu mwenye uwezo na mpenda vitabu. Hakumfungia mwanawe ndani. Alimtafutia walimu, na mwaka 1784 kijana akaingia Chuo cha Jesus, Cambridge. Alipotaka kuwa mchungaji, mkuu wa chuo alimtahadharisha kwamba usemi wake ungemkwamisha. Onyo hilo halikumrudisha nyuma. Alipata tuzo chuoni, mojawapo ikiwa ya kutoa hotuba, na mwaka 1788 akamaliza akiwa wa tisa katika orodha ya waliofaulu vizuri zaidi hisabati. Mwaka uliofuata aliwekwa wakfu, na baadaye akahudumia kanisa dogo la mashambani, Okewood, katika Surrey yake.

Mwaka 1798 alitoa kitabu chake kuhusu idadi ya watu, bila kuandika jina lake juu yake. Kilizua ubishi mkubwa, na hadi leo wapo wanaompinga kwa haki kabisa, hasa kwa namna alivyowazungumzia maskini. Lakini waliompinga walishindana na hoja zake. Mwaka 1804 alimwoa Harriet Eckersall, wakapata watoto watatu. Mwaka 1805 akawa profesa wa historia na uchumi katika chuo cha Kampuni ya India Mashariki. Huyu aliyeambiwa kuwa usemi ungemzuia alikula mshahara wa kusema mbele ya wanafunzi kwa karibu miaka 30.

Kuna kisa kimoja nakipenda kama daktari. Mwandishi Harriet Martineau alikuwa na uziwi na alitumia pembe ya kusikilizia. Alipotakiwa kukutana na Malthus aliingiwa na hofu: kiziwi na mwenye usemi usio wazi wangeelewanaje? Kumbe alimsikia vizuri kuliko karibu watu wote, hata bila pembe yake. Kitabibu inaelezeka. Kaakaa likiwa wazi, hewa hupotelea puani, na herufi zinazohitaji mgandamizo wa hewa, kama p, b, t, k na s, huharibika. Irabu haziathiriki kiasi hicho, na za Malthus zilikuwa na mlio mzito na wa polepole. Martineau alikuwa na subira ya kumsikiliza, na kwa mtoto mwenye mpasuko msikilizaji wa namna hiyo ni nusu ya tiba.

Hata hivyo, aibu haikumtoka. Inaelezwa kwamba alikataa kuchorwa picha mpaka mwaka 1833, akiwa na miaka 67. Alifariki Desemba 1834 na kuzikwa Bath. Sifa zote zile hazikutosha kumfanya autazame uso wake kwa amani.

Mzazi mwenzangu, mtoto wako ana kitu ambacho Malthus hakukipata. Leo mdomo hushonwa kuanzia takriban miezi mitatu, mtoto akiwa na uzito na damu ya kutosha. Kaakaa hufungwa kati ya miezi tisa na 18, kabla mtoto hajazoea kutamka kwa kupitishia hewa puani. Ukichelewa, upasuaji bado unafaa, lakini usemi huwa mgumu zaidi kunyooka. Hospitali nyingi za rufaa nchini hufanya upasuaji huu, na mara nyingi mashirika ya hisani hugharamia. Anza hospitali yako ya wilaya, uombe rufaa.

Wakati mkisubiri, kamua maziwa na umnyweshe kwa kikombe kidogo au kijiko, kichwa kikiwa juu, kidogo kidogo, kisha mcheulishe. Mpime uzito kila wiki. Masikio yake pia yachunguzwe, kwa sababu watoto hawa hupata maji nyuma ya ngoma ya sikio na kusikia kwao hupungua. Mwombe daktari aangalie na moyo, maana wakati mwingine mpasuko huja pamoja na hitilafu nyingine.

Na mama asilaumiwe. Mpasuko hutokea katika wiki za mwanzo za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Hutokana na urithi ukichanganyika na mambo kama sigara, pombe na baadhi ya dawa za kifafa. Hautokani na laana, wala kupatwa kwa mwezi, wala kisu alichoshika mama akiwa mjamzito.

Mpelekeni mtoto kliniki wiki hii hii. Kisha mpelekeni shule kama watoto wengine.