Kazi Sawa, Mshahara Sawa: Lumumba Hapa Kwetu

Wengi wetu tunamjua Patrice Lumumba juu ya uhuru na juu ya kifo chake cha tarehe 17 Januari 1961. Leo tunapenda kuwaelezea miaka yake ya hapa Kisangani, wakati mji uliitwa Stanleyville, na shauri moja alilolishika sana: mshahara.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925, Onalua katika Sankuru. Alisoma kwa Wakatoliki na kwa Wametodisti, lakini sekondari hakumaliza. Mwaka 1944 alifika hapa, akapata ukarani, na vitabu alijisomea mwenyewe. Mwaka 1947 alitumwa shule ya posta Léopoldville, kisha akawa karani wa posta.

Zamani hizo serikali ilikuwa na sheria mbili za wafanyakazi: moja ya Wazungu, nyingine ya weusi walioitwa wasaidizi. Mweusi aliweza kufanya kazi ileile ya Mzungu, lakini mshahara, posho na cheo havikulingana hata kidogo. Shauri hilo lilikuwa zito juu ya nini? Sababu mshahara ndio unaonunua chakula, unaojenga nyumba na kusomesha watoto. Ubaguzi uliingia mpaka ndani ya sufuria.

Lumumba aliongoza hapa mjini chama cha wafanyakazi weusi wa serikali, APIC. Walidai sheria moja kwa wote. Mwaka 1956 alianza kuandika kitabu juu ya mambo ya Kongo, na ndani yake alitetea mshahara sawa kwa kazi sawa. Kilitoka mwaka 1961, yeye amekwisha kufa.

Hatufichi habari nyingine. Mwaka uleule 1956 alishikwa juu ya feza za posta, akahukumiwa, akafungwa mpaka 1957. Lakini dai halikuwa la mtu mmoja, wala halikufungwa pamoja naye. Mwaka 1959 serikali ilitoa sheria moja kwa wafanyakazi wote. Hata hivyo, uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, weusi wenye vyeo vya juu serikalini walihesabika kwa vidole. Karatasi ilibadilika upesi, kazi ilikawia.

Wandugu wanafunzi, kesho wengine wetu tutakuwa wakubwa wa kazi. Mzungu hatakuwapo pale wa kumlaumu. Je, tutamlipa mtu kwa kazi ya mikono yake, ao kwa kabila na undugu?